Namna ya kuwafundisha watoto tenisi ya dabo huku kwetu Pemba, kwa kumfata Katarina Srebotnik

Asalaam aleikum jamani. Nimeulizwa sana na walimu wenzangu wa skuli, wa hapa Wete na wa Chake, na mmoja wa Unguja akanipigia simu kabisa, ati mwalimu unawafundishaje watoto wa kike tenisi na uwanja wa tenisi huna, raketi zenyewe za kuhesabu, halafu zaidi ya yote kwa nini unawaanzisha na dabo, wawili kwa wawili, badala ya mmoja kwa mmoja kama tunavyoona kwenye tivi. Nikaona badala ya kujibu nusunusu kila siku bora nikae nieleze yote pahala pamoja, atakayetaka kuanza kwenye skuli yake au mtaani kwake achukue kinachomfaa.

Nianze na huyo Katarina Srebotnik maana yeye ndo njia yenyewe ninayoifata. Ni Mslovenia, kazaliwa tarehe 12 Machi 1981 katika mji mdogo unaitwa Slovenj Gradec, kaskazini ya nchi yao, na sasa kashastaafu kucheza. Slovenia ni nchi ya watu milioni 2 na kidogo tu, na sie Zanzibar kwa sensa ya 2022 tuko 1,889,773, yaani tunakaribiana mno, na hili huwa nawaambia watoto siku ya kwanza kabla hawajashika raketi kwa sababu mtoto wa huku akisikia bingwa wa dunia anadhani lazima atoke Marekani au Urusi. Hasha. Na kabla yake walishampata Mima Jaušovec wa Maribor, aliyechukua Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Paris, ya mmoja mmoja mwaka 1977, wakati huo nchi yao bado imo ndani ya Yugoslavia.

Sasa huyu Srebotnik mwaka 1998 alikuwa na miaka 17 akashinda Wimbledon, yale mashindano makubwa ya London, upande wa mabinti, na kwenye fainali alimfunga Kim Clijsters, huyo huyo Clijsters ambaye baadae alikuja kuwa namba 1 ya dunia na kuchukua Grand Slam 4 za mmoja mmoja (Grand Slam ndo yale mashindano manne makubwa ya tenisi: Australian Open, Roland Garros, Wimbledon na US Open). Mtu angedhani basi na Katarina atafika huko huko. Hakufika. Peke yake alipanda mpaka namba 20, Agosti 2006, akachukua mataji 4, na siku yake ikiwa yake alikuwa hashikiki, mwaka 2008 Paris alimtoa Serena Williams raundi ya tatu kwa seti mbili, 6-4 6-4 (seti ni fungu la gemu, na gemu ni fungu la pointi). Lakini njia yake kubwa ilikuwa nyengine, ilikuwa ya kucheza na mwenziwe. Mataji 39 ya dabo ya wanawake, Grand Slam 5 za mseto, yaani mwanamke na mwanamme upande mmoja, halafu Wimbledon ya dabo mwaka 2011 akiwa na Mcheki Květa Peschke, na tarehe 4 Julai 2011 wote wawili wakawa namba 1 ya dunia kwa dabo. Yeye ana miaka 30, mwenziwe ana 35 anakaribia 36. Mie nikisoma habari hii wallahi moyo unanijaa, kwa sababu kwenye darasa langu wenye nguvu za kupiga mpira ukapasua hewa ni wawili watatu, lakini wenye akili ya kukaa pahala pazuri na kumsaidia mwenzao ni wengi, na hawa ndo wanaoachwa nje kila siku kwenye michezo.

Na kuna sababu za kawaida pia. Uwanja mmoja wa dabo unacheza watoto wanne, wakikaa wanne wengine pembeni wanahesabu pointi na kuokota mipira, umeshahudumia wanane. Mtoto wa miaka 10 anaweza kucheza na dada yake wa 15. Aliye na pumzi fupi hachoki upesi. Na haya yetu ya watoto wa kike, kusimama peke yake katikati ya uwanja watu wote wanamtizama ni mtihani, akiwa na shoga yake pembeni anasahau kama anatizamwa.

UWANJA

Uwanja kamili wa tenisi una urefu wa mita 23.77, na kwa dabo upana wake ni mita 10.97 (kwa mmoja mmoja unapungua mpaka 8.23). Wavu katikati una kimo cha sentimita 91 na nusu hivi, kwenye nguzo unapanda mpaka mita 1.07. Kumbuka sana hii tofauti ya kimo, tutairudia.

Usitafute uwanja mpya. Tizama kama skuli yako ina kiwanja cha netiboli cha saruji, maana netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, kwa hivo tenisi nzima inaingia ndani na nyuma unabaki na mita 3 na kitu za kukimbilia kila upande, si nyingi lakini kwa watoto zinatosha. Ukikosa, kiwanja cha voliboli kina mita 18 kwa 9 na hicho mie ndo nakipenda kwa wanaoanza, ukubwa wake karibu sawa na ule wa watoto wa miaka minane tisa kumi wanaotumia ile mipira yenye nukta ya rangi ya chungwa inayokwenda polepole. Shusha wavu mpaka sentimita 80 au 90, basi. Kwa wadogo kabisa mita 11 kwa 5 na nusu inatosha, hata uwani kwa mtu.

Mistari piga kwa chokaa au chaki. Ule mstari wa boksi la kusevu (kusevu ni kupiga ule mpira wa kuanzisha pointi, na boksi ndo unapotakiwa udunde) kwenye uwanja kamili uko mita 6.40 kutoka kwenye wavu, kwenye uwanja mdogo gawa kwa kukisia, usijitie maradhi. Lakini kama una khiari ya kuuelekeza uwanja, uwe kaskazini kusini, kwa sababu sie tunacheza alasiri na jua linatua magharibi, ukiupanga vyengine kuna upande utacheza umefumba macho.

Na msimu wa karafuu, ndugu yangu wa Pemba, unajua mwenyewe. Saruji yote inaanikwa karafuu. Mie sigombani na mtu, karafuu ni riziki, nazungumza mapema na wenye kuanika wananiachia kipande, siku nyengine wananiambia subiri mpaka tuzoe na watoto wanasaidia kuzoa. Ukimaliza fagia vizuri sana kabla ya kucheza, vikonyo vya karafuu chini ya raba vinateleza kama mtu kamwaga mafuta. Mchanga vile vile.

Vifaa kwa ufupi: raketi mbili au tatu za kupewa zinatosha, zilizobaki mwambie fundi seremala akate vibao vya plaiwudi vyenye mkono mfupi, kwa mazoezi ya karibu na wavu vibao ni vizuri pengine kushinda raketi maana mtoto hana wasaa wa kuvuta mkono nyuma. Mipira ya zamani iliyokwisha upepo usiitupe, inadunda chini na inakwenda taratibu, ndo inayofaa wanaoanza. Wavu wetu ni kipande cha nyavu ya kuvulia nilipewa na mvuvi, umekaa mwaka wa tatu huu. Nguo: suruali pana, shati refu, ushungi wa kubana usiopeperuka mbele ya macho. Raba zenye soli.

WASIMAME WAPI

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapokaa wiki mbili nzima kabla sijawafundisha kupiga kwa nguvu. Niliwahi kwenda kwenye mafunzo ya siku mbili, mkufunzi yule akatupigisha mpira tu kutoka asubuhi mpaka jioni, piga kwa nguvu piga kwa nguvu, hakuna hata mara moja aliyosema simama wapi. Watoto wangu walirudi wanajua kupiga mipira inayokwenda mpaka kwa jirani.

Picha ya kuanzia ni hii. Mmoja anasevu kutoka nyuma, mwenziwe yuko mbele, katikati ya boksi la kusevu la nusu nyengine ya upande wao, hatua mbili tatu kutoka kwenye wavu. Upande wa pili mmoja anapokea nyuma, mwenziwe anasimama kwenye mstari wa boksi, si mbele kabisa si nyuma kabisa, kwa sababu bado hajui kama mwenziwe atarudisha vizuri au vibaya. Akirudisha vizuri anasogea mbele, akirudisha mpira wa kuelea anarudi nyuma haraka ajilinde.

Halafu kanuni ninayoiimba mpaka wananichoka: mwenzako akienda kulia na wewe nenda kulia, akivutwa kushoto na wewe vutika kushoto. Maana akivutwa nje kulia na wewe ukabaki ulipo, katikati yenu linafunguka tundu la kupita gari ya shamba. Kulisema ni rahisi, mtoto anaitikia ndio mwalimu, mpira ukianza anasahau. Kwa hivo nikabuni zoezi la doti. Chukua doti ya kanga ambayo haijakatwa, vile vipande viwili bado vimeungana, ule urefu wake ni kama mita 3, ndo masafa yenyewe tunayoyataka baina ya watu wawili wakiwa wote mbele. Kila mmoja anashika ncha kwa mkono usiokuwa na raketi. Mwalimu anasimama upande wa pili anarusha mpira kwa mkono, mara kulia mara kushoto, mara katikati, wao wanakwenda pamoja, doti isilegee ikafika chini wala isivutwe ikamchomoka mtu mkononi. Mwanzo wanacheka wanaanguka, siku ya tatu ya nne utaona miguu imeshaelewana. Siku ya kumi waondolee doti, na wao watakwenda vile vile kama bado wameishika. Sijaona zoezi lenye faida kuliko hili na halina gharama, ila mwambie mwenye kanga mapema kwamba itapata vumbi.

Mpira wa katikati ni wa nani? Ugomvi wote wa dabo uko hapo. Kwetu tumekubaliana ni wa yule ambaye forihendi yake, yaani pigo la upande wa mkono wenye raketi, iko katikati, na kama wote wanatumia mkono wa kulia basi ni yule aliyesimama upande wa kushoto. Si sheria ya mchezo, ni makubaliano yetu, na mukiwa na mtoto wa mkono wa kushoto mambo yanabadilika, mukae mukubaliane tena. Na waeleze mapema kwamba hapa hakuna kupokezana zamu, si kama tenisi ya meza ambako lazima mmoja apige kisha mwenziwe, hapa mtu mmoja anaweza kupiga mipira mitano mfululizo kama ndo inayokuja kwake. Lakini upande wa kupokea sevu haubadilishwi mpaka seti imalizike.

SEVU

Kwa dabo sevu kali si muhimu kama sevu iliyoingia. Wanaoanza nawaruhusu kusevu kwa chini, mkono chini ya kiuno, na sheria za tenisi zinaruhusu, asikuambie mtu kwamba si halali.

Lengo liwe katikati, ule mstari unaogawa maboksi mawili. Sababu ni mbili. Kwanza wavu pale katikati ni mfupi, nilisema tutairudia, sentimita 15 na zaidi ukilinganisha na nguzo. Pili, anayepokea akiwa katikati hana pembe, mpira wake utarudi karibu na katikati, na pale yupo mwenzako anausubiri. Ukisevu pembeni kabisa unamfungulia njia ya kupiga pembeni mwa mwenzako, kwenye ule ukanda wa dabo. Wape watoto kopo la maziwa, liweke kwenye mstari wa kati, kila atakayeligonga apigiwe makofi na wenzake. Kurudisha sevu nako usipinde pinde: rudisha kwa kukingama, kule kule kwa aliyesevu, mbali na yule wa mbele, na chini. Mpira unaopita chini juu ya wavu unamlazimisha adui kuupiga kutoka chini kwenda juu, na mpira unaopanda ni zawadi kwenu.

ALIYE MBELE

Mwanzoni nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nilimweka mtoto mdogo mbele kwenye wavu nikamwambia simama hapo, sikumfundisha kwanza kuinua raketi, mpira ukaja ukampiga shavuni, akalia, na mama yake alikuja jioni akaniambia kwa upole tu, "Mwalimu, huyu nimekupa kama mwanao." Nilimwomba radhi na toka siku ile hakuna mtoto anayekwenda mbele mpaka raketi imekaa juu, mbele ya kifua, viwiko mbele, magoti yamelegea, na wale wanaoanza marufuku kumpiga mpira wa juu kwa nguvu aliyesimama karibu na wavu. Yule mtoto alirudi, alhamdulillah, na sasa ndo wangu wa mbele.

Kazi ya wa mbele ni voli, yaani kuugonga mpira hewani kabla haujadunda. Usivute mkono nyuma. Ni kama kufunga mlango, unausukuma mbele unaishia hapo. Lenga miguuni kwa yule adui aliye mbele, au lile pengo la baina yao.

Halafu kuna kukatiza. Mpira unarudi kukingama kwenda kwa mwenzako aliyesevu, wewe wa mbele unachomoka unauchukua njiani. Siri yake ni wakati: toka pale anayepokea anapoanza kuupiga, ukitoka mapema anakuona anapiga pale ulipotoka, ukichelewa mpira umeshapita. Na uende mbele kwa mshazari kuelekea kwenye wavu, si pembeni sambamba. Ukivuka mstari wa kati endelea, usirudi, mwenzako ataziba ulipotoka. Ili ajue, unampa ishara mkono ukiwa nyuma ya mgongo kabla hajasevu, ngumi ni nabaki, kiganja wazi ni nakwenda. Hata mabingwa wanafanya hivi, tizama dabo yoyote kubwa utawaona wanaficha mikono nyuma au wanazibana midomo kwa mipira wanasemezana. Watoto wanalipenda hili mno, kwa sababu wameshawaona kina babu barazani wanacheza karata wawili kwa wawili wanakonyezana na kukatazana kukonyezana, na hapa kwenye tenisi ishara ni halali.

KUSEMA

Mtoto wa kike wa huku kafunzwa kunyamaza, na ni adabu yetu, siikatai. Lakini dabo ya kimya haichezeki. Nawafundisha maneno manne tu: "Mie!", "Wako!", "Wache!" kama unatoka nje, na "Badili!" kama mpira umekupita juu ya kichwa na mwenzako inabidi akimbie upande wako. Yasemwe mapema na kwa sauti ya kusikika. Yule aliyekuwa wa mwisho kusema alikaa miezi miwili anatia sauti ya chini chini, siku moja akapiga "Mie!" mpaka waliokuwa wanapita njiani wakasimama, na shoga yake akamwachia mpira, na ukaingia. Baada ya pointi, nzuri au mbaya, lazima wagusane raketi au mikono. Hakuna kumtizama mwenzio kwa jicho baya. Hili halina msamaha kwangu, akifanya anakaa pembeni gemu nzima.

LOBU NA PEPO ZETU

Lobu, mpira wa juu unaompita aliye mbele, ndo silaha ya wasio na nguvu, na sie wa visiwani tuna bahati tunaujua upepo toka tunazaliwa. Wakati wa kusi, khasa mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo ni mzito, na kama uwanja wako umelala kaskazini kusini basi upande mmoja unaupata usoni na upande mwengine mgongoni. Ukiupata usoni lobu piga kwa nguvu bila ya khofu, upepo utaurudisha ndani. Ukiwa nao mgongoni lobu iwe fupi au iache kabisa, piga chini. Kaskazi ikiingia pande zinageuka, aliyekuwa nao usoni sasa anaupata mgongoni. Waulize watoto kabla ya kuanza, leo upepo unatoka wapi, wajibu kwa vidole. Mtoto wa mvuvi hatakosea.

Mpira ukipigwa lobu kwenu, sheria ya nyumbani ni kwamba aliye nyuma anaukimbilia, wa mbele anabadili upande, na mukishaurudisha juu rudini nyote wawili nyuma mujipange upya. Mmoja mbele mmoja nyuma kwa muda mrefu ni kule kule kwenye tundu la gari.

TAIBREKA YA POINTI KUMI

Huku tunafunga kabla ya magharibi, na wazee wameniamini kwa sababu hiyo. Mzazi mmoja aliniuliza siku ya kwanza, "Mwalimu, mchezo wenyewe mtoto anarudi nyumbani saa ngapi?" nikamjibu saa kumi na moja na nusu yupo mlangoni kwako, na sijavunja ahadi. Kwa hivo seti nzima nzima hatuna wasaa nazo. Tunacheza gemu zisizo na advantaji, ikifika arobaini kwa arobaini ni pointi moja tu ya kuamua, wanaopokea wanachagua upande, na hivi ndivyo wanavyocheza hata kwenye mashindano ya kawaida ya dabo ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake duniani. Na mwisho, badala ya seti ya kuamua, taibreka ya pointi 10, wa kwanza kufika kumi akiwa mbele kwa mbili. Anayeanza anasevu mara moja, baada ya hapo kila mtu mara mbili mbili, na kila pointi 6 munabadilisha pande ili upepo umguse kila mtu.

Katika hizo Grand Slam 5 za mseto za Srebotnik, 3 ziliamuliwa na taibreka ya namna hii. US Open 2003 na Mmarekani Bob Bryan walipoteza seti ya kwanza, wakashinda ya pili, taibreka 10-5. Roland Garros 2010 na Mserbia Nenad Zimonjić vile vile walianza kwa kupoteza, ikaisha 11-9, yaani roho mkononi. Australian Open 2011 na Mkanada Daniel Nestor, 10-7. Nawafundisha watoto jambo moja la kutenda: ikifika 8-8 usibadilishe chochote, sevu katikati, rudisha kwa kukingama, ishara kama kawaida. Mtoto akifika hapo hutaka kupiga mpira wa ajabu, na mpira wa ajabu huenda nje.

KUWABADILISHA WENZA

Mashoga wawili watataka kucheza pamoja milele. Waache mwezi mmoja wazoeane, kisha wachanganye. Huyo Nestor niliyemtaja, Srebotnik alimfunga kwenye fainali ya mseto US Open 2003, akamfunga tena Roland Garros 2006, na mwaka 2011 ndo huyo huyo wakasimama upande mmoja wakachukua Australia. Hata kwa wanawake, kabla ya Peschke alicheza na Mjapani Ai Sugiyama, mwaka 2007 wakafika fainali mbili, Paris na Wimbledon, wakapoteza zote. Na Peschke mwenyewe fainali yao ya kwanza ya Grand Slam, Paris 2010, walifungwa na Serena na dada yake Venus. Fainali tatu za dabo za Grand Slam Srebotnik kapoteza kabla ya kuipata ile ya Wimbledon, ambayo waliwafunga Lisicki na Stosur 6-3 6-1. Nikiwachanganya watoto na mmoja akanuna ati yule wa mtaa wa pili ndo aliyenifunga wiki iliyopita, namwambia vizuri sana, basi unajua anapiga vipi, nenda kasimame naye.

Namna ya kuwachanganya: usimpe mwenye nguvu mwenye nguvu mwenzake. Mpe mwenye sevu nzuri pamoja na mwenye mikono myepesi mbele. Mwenye hasira mpe mpole, lakini mpole awe na sauti. Mkubwa na mdogo ni wazuri pamoja ila mkatazie mkubwa kuchukua mipira yote, mdogo akisimama tu bila ya kugusa mpira siku mbili, ya tatu haji.

KUWATIZAMISHA

Mechi za zamani za Srebotnik zimo mitandaoni, vipande vipande. Mie nashusha usiku bando likiwa rahisi, tunatizama kwenye simu wanne wanne chini ya mwembe kabla jua halijapoa. Usiwaache watizame mpira, mpira kila mtu anautizama. Waambie watizame asiyepiga. Mmoja amhesabie hatua zake, mwengine atizame raketi yake imekaa juu au imeshuka, mwengine atizame mkono wa nyuma ya mgongo. Simamisha kabla ya sevu uliza, atakatiza au atabaki? Halafu wachia. Dakika kumi zinatosha, zikizidi wanaanza kuangalia vitu vyengine kwenye simu.

Ratiba yetu ni Jumamosi na Jumanne, saa tisa na nusu alasiri watu wameshasali na wamekula. Robo saa ya doti, robo saa ya sevu kwenye kopo, nusu saa ya kukatiza na voli, iliyobaki taibreka za pointi kumi mpaka wakati uishe. Anayetaka kuja kuona aje tu, akiwa na mpira wowote wa tenisi, hata uliokwisha upepo, aje nao.